Wimbo wa Tano kwenye Orodha

Mimi ni mtu wa hasira. Nimeambiwa hivyo tangu darasa la tatu, kwa hiyo wacha niseme mapema tusije tukasumbuana: haya ninayoyaandika nayaandika nikiwa bado nimekasirika. Waliniambia ningoje moyo upoe kwanza. Nimengoja miezi saba. Haujapoa.

Nina saiba mjini Voi, chumba kimoja si mbali na stendi, kompyuta tatu na printa inayofanya kazi siku ikijisikia. Watu huniletea barua za kuomba kazi, fomu za serikali, matangazo ya matanga yenye picha ya marehemu akitabasamu. Siku sita kwa wiki napiga chapa maneno ya watu. Ya saba, nikitoka kanisani, napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki. Najua unachotaka kuuliza, maana nimeulizwa na kila mtu kuanzia kasisi hadi mama mboga: Mtaita mzima, tena mwanamke, tena wa umri wako, na hizo kelele za Wazungu? Huwa nawajibu kwamba kelele hazina kabila.

Wapenzi wa roki katika kaunti yetu nzima tungetosha meza nne za hoteli na chapati zikabaki. Ni bendi tano tu, na zote zilipiga kopi, yaani nyimbo za bendi za ng'ambo, neno kwa neno, hata pale mwimbaji wa Kizungu alipokohoa sisi tulikohoa. Na kwa sababu ya uchache huo tulikuwa na majivuno yetu. Kuna wanaojivunia ng'ombe na kuna wanaojivunia watoto waliosoma. Sisi tulijivunia kujua. Mtu akitaja wimbo wowote, hata uwe wa vijana watatu waliopiga mara moja katika gereji huko kwao kisha wakagombana, ilikuwa mwiko kusema huujui. Ukisema "huo siujui," adhabu yako ni moja: unabeba spika. Unapakia, unapakua, peke yako, siku nzima. Na spika zetu ni zile za zamani za mbao, nzito kama kabati la bibi harusi.

Sheria hiyo tuliitunga mimi na rafiki yangu, mpiga gitaa, miaka ile tunaanza. Tuliitunga tukicheka. Katika miaka yote hiyo sikubeba spika hata mara moja, na nilijisifu sana kwa hilo. Mdomo huponza kichwa, na wangu uliniponza kweli.

Huyu rafiki yangu ndiye aliyenifundisha kushika gitaa. Tulijifunzia katika karakana ya kaka yake, barabara ya Mombasa, malori yakinguruma nje na sisi ndani tukijaribu kuyashinda. Nilimpenda kama ndugu, na nisizungushe: katika maisha yangu sikuwa na mtu mwingine ambaye ningemwonyesha kitu ambacho hakijaiva bila kuogopa atacheka. Yeye ndiye niliyemwonyesha wimbo wa Baba.

Baba yangu alifanya kazi reli, katika stesheni ndogo upande wa Bura, kwenye ile njia ya kwenda Taveta. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia na kupunga bendera. Treni ya abiria ilikuwa ikipita saa kumi na robo jioni. Kisha treni zikakoma. Hakuna aliyekuja kumwambia rasmi, alisikia tu kama sote tulivyosikia. Lakini Baba hakukoma. Kila siku, ikikaribia saa kumi, anavaa koti lake, anashuka mlima na lile goti lake bovu, anakaa kwenye benchi ya stesheni mpaka saa kumi na nusu, halafu anapanda kurudi nyumbani. Nyasi zimefunika reli na mbuzi wanalala pale abiria walipokuwa wakisimama. Nilipokuwa msichana niliona aibu, wenzangu walikuwa wakimcheka. Nilipokuwa mtu mzima nikaona kitu kingine ambacho sikuweza kukisema kwa maneno ya kawaida, basi nikakitungia wimbo.

Ndio wimbo pekee niliotunga maishani mwangu. Unaanza na besi peke yake, noti nne zinazoshuka zikisita katikati, vile goti la Baba linavyosita. Kiitikio chake kinasema:

*Saa kumi na robo, mwenye koti amefika,*
*hajachelewa yeye, asiyekuja ni wewe.*

Nilimwimbia Baba jikoni jioni moja, akila kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa, nikitumia gitaa la kuazima lenye nyuzi tano. Aliacha kula. Nilipomaliza akasema, "Huyo ni mimi." Akaomba niimbe tena. Tangu siku hiyo alikuwa akishuka mlima akiuvumisha ule wimbo puani, na akikutana na jirani njiani humweleza kwamba binti yake amemtungia wimbo, si wa kopi, wake mwenyewe. Baba si mtu wa kujisifu. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akijisifia.

Rafiki yangu alinisaidia kutafuta sehemu ya gitaa, tukaurekodi kwa simu yake mle karakana. Nikamwambia huu hauendi jukwaani mpaka niseme mimi. Niliogopa. Ukipiga kopi na watu wasipende, lawama ni ya Mzungu. Ukipiga wako, umesimama uchi. Yeye akainua mkono juu akaapa kwa mama yake. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Mwaka uliofuata akahamia bendi nyingine hapohapo Voi, yenye vyombo vipya, tukaagana vizuri. Sikununa. Niliomba tu aniachie uzi mmoja wa gitaa, akaniachia mbili.

Sasa, mwaka jana upepo uling'oa paa la shule ya msingi moja huko upande wa Kishushe. Uling'oa paa lote, mabati yakaokotwa mbali porini yamejikunja. Watoto wakawa wanasomea ndani ya kanisa dogo, madarasa matatu chumba kimoja, huyu akifundishwa kugawanya na yule akiimbishwa irabu. Mwalimu mkuu wao ni mtu mwembamba, mpole, mwenye kupenda utaratibu kupita kiasi. Alisafiri juu ya lori la ng'ombe mpaka Voi kututafuta. Alisikia kuna watu wa gitaa. Akatuomba bendi zote tano, mbili za Voi, moja ya Mwatate, moja ya Wundanyi na moja ya vijana wa Mata kule karibu na mpaka, tupige Jumamosi moja mchana tuchangie paa. Tulikubali kabla hajamaliza kusema.

Alikuwa na sharti moja tu: kopi peke yake. Hakuna bendi kupiga wimbo wake. Sababu alikuwa nayo. Katika mchango wa awali kule kwao, bendi fulani iliimba wimbo wake kuhusu barabara mbovu na mheshimiwa fulani, na mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele na ahadi ya mabati mfukoni. Aliondoka na ahadi yake. Mwalimu akatuambia kwa upole kwamba nyimbo zetu wenyewe hawezi kujua zitasema nini, lakini za Wazungu hakuna atakayeelewa, kwa hiyo hakuna atakayekasirika. Tulicheka, lakini alikuwa na hoja.

Wakanichagua katibu kwa sababu ya printa. Kila bendi ilete majina matatu na jina la mwenye wimbo, ili tusirudiane, nami nichape orodha na nimwandikie mtangazaji maneno mawili matatu ya kila wimbo. Kazi rahisi. Rafiki yangu alileta ya bendi yake saibani siku ya Jumatano, akasimama mlangoni akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili. Wimbo wa kwanza niliujua, wa tatu niliujua. Wa katikati ulikuwa na jina la Kiingereza, maana yake kama Reli ya Kaskazini, na mbele yake jina la bendi la kuvunja ulimi. Nikamtazama. Akasema ni bendi ya Finland, ya zamani kidogo.

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi hapo ndani akingojea barua zake zichapwe. Wateja wawili walikuwepo. Na mimi, malkia wa kujua, mimi ambaye sijawahi kubeba spika, ningesema nini? Nikasema, "Aa, huo! Huo ni moto." Rafiki yangu akainamisha kichwa. Nilidhani anacheka. Mwalimu akaniuliza kama hauna maneno mabaya, watoto watakuwepo. Nikamwambia, "Mwalimu, huo naujua vizuri, hauna neno hata moja baya." Akashukuru, akaweka alama ya vema kwenye daftari lake.

Ungefikiri nimeishia hapo. Hapana. Usiku huohuo nikamwandikia mtangazaji maelezo, na kwa kuwa sikujua lolote kuhusu huo wimbo, nikatunga. Niliandika kwamba ni kipenzi cha wana roki duniani, kutoka Finland, nchi ya theluji, na kwamba ulitikisa miaka ya tisini. Nilijiona mjanja. Nikauchapa kuwa wimbo wa tano kwenye orodha, nikatoa nakala hamsini.

Jumamosi ilikuwa na jua la Voi, lile lisilomwonea mtu haya. Uwanja ulijaa kuliko tulivyotazamia. Akina mama wa kanisa walikuja na miavuli, watoto wa Kishushe waliletwa na lori wakaketi mbele kwenye mikeka, na vijana wa Mata walifika na ngoma zao zimefunikwa kwa mablanketi dhidi ya vumbi. Shangazi yangu alimleta Baba kutoka Bura, amevaa lile koti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona jukwaani. Mwalimu mkuu mwenyewe akamketisha mstari wa wazee, karibu naye.

Bendi ya rafiki yangu ilikuwa ya pili, yetu ya tatu. Nilikuwa pembeni ya jukwaa, besi shingoni, nikijiandaa. Wimbo wa nne ukaisha, mtangazaji, mwanamke mwenye sauti nzuri sana, akasoma maneno yangu yote: Finland, theluji, miaka ya tisini. Watu wakapiga makofi. Kisha mpiga besi wao akapiga noti nne zinazoshuka, zikasita katikati.

Mwanzoni sikuelewa. Nilifikiri, kumbe kuna mtu mwingine duniani aliyesikia goti kama hilo. Haki ya nani, kwa muda wa pumzi mbili nilifikiri hivyo. Halafu mwimbaji wao akaingia, kwa Kiingereza, na nikasikia saa kumi na robo, nikasikia koti, nikasikia benchi. Walikuwa wameutafsiri wote. Na niseme ukweli japo unaniuma, waliutafsiri vizuri. Rafiki yangu alikuwa amesimama kwenye gitaa lake, akipiga ile sehemu tuliyoitafuta pamoja karakana, na hakutazama upande wangu hata mara moja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, nimeichapa kwenye mitihani ya shule za watu, na siku hiyo ndipo nilipoihisi ikitembea mgongoni.

Ningeweza kupanda jukwaani. Nilitaka. Ningepanda nikasema nini? Kwamba mimi katibu, niliyeapa mbele ya mwalimu kuwa naujua, niliyeuandikia hadi theluji, sasa nasema ni wangu? Na kwamba bendi ya pili imevunja sharti, mbele ya watoto wasio na paa? Nikasimama pale kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Halafu nikamwona Baba ameinuka.

Maneno yake sikuyasikia, spika zilikuwa zinanguruma. Shangazi ndiye aliyenieleza baadaye. Baba alisimama, akavua kofia, akageukia wazee wenzake akawaambia, huu wimbo ni wangu, anayeimbwa hapo ni mimi, binti yangu ndiye aliyeutunga. Mzee aliyeketi jirani naye akamwambia kwamba mtangazaji amesema ni wa Wazungu. Baba akakataa. Ndipo mwalimu mkuu, kwa upole wake wote, akafungua ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa tano, akamsomea. Na kwa kuwa alitaka kumtuliza mzee, akaongeza kwamba binti yake mwenyewe ndiye aliyeandika hapo, na alimhakikishia yeye mwalimu kuwa anaujua sana. Waliokaa karibu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumwonea mzee huruma. Mimi niliona tu Baba akiketi polepole, akiweka kofia kwenye lile goti.

Sisi tulifuata. Nilipiga nyimbo tatu kama mtu anayetwanga mahindi. Sikumbuki hata moja.

Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya lori lililobeba jenereta, anakunja nyaya. Nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, kisha nikamuuliza kwa nini. Alijibu kama mtu aliyejizoeza jibu. Alisema angeniomba ningekataa. Alisema miaka minne nimeufungia sandukuni wimbo mzuri kuliko zote zinazopigwa kaunti hii, na yeye alitaka tu watu wausikie mara moja. Alisema hakujipa sifa hata kidogo, hakusema ni wake.

"Basi si ungesema ni wangu?" nikamwambia.

"Mwalimu alikataa za kwetu. Na ni wewe uliyeandika Finland, sista. Nilikuwa nangoja uniambie huujui."

Hapo ndipo aliponikata kabisa. Alijua. Alisimama kwenye mlango wa saiba yangu akijua kwamba sitasema siujui, kwa sababu ananijua mimi kuliko mtu yeyote. Mwizi wa kawaida huvunja kufuli. Yeye alitumia ufunguo niliompa mwenyewe. Na angalau angesema ni wake ningepata mtu wa kugombana naye. Aliutoa akawapa watu wa theluji, watu ambao hawapo. Nani atagombana na watu ambao hawapo?

Sikumtaka aniombe radhi mimi, nilimwomba kitu kimoja tu. Nilimwambia, habari yangu tuiache, njoo Bura umwambie Baba kwa mdomo wako kwamba ule wimbo ni wake. Akasema atakuja Jumapili inayofuata. Akainua mkono. Nikamwambia aushushe.

Wiki ile Baba hakuniuliza chochote nilipompigia simu. Aliuliza kama nimekula. Jumapili nikapanda Bura mapema, nikafagia uani, nikachemsha viazi vitamu, nikaweka vikombe vizuri. Nilikuwa na daftari langu la nyimbo mkobani. Saa nane hivi nikasikia gari, nikatoka. Rafiki yangu alishuka kwenye pikapu ya kuazima, na upande wa dereva akashuka mwalimu mkuu.

Mwalimu alimpa lifti tu. Alikuwa amekuja kumshukuru Baba kwa kuhudhuria, na kutuletea habari kwamba mbao za paa zimeshapakuliwa pale shuleni. Alikuwa na furaha, maskini. Alituambia pia kuna watu wa Mombasa wameomba bendi ya huyu kijana ikapige kwenye mchango wao, na wametaka hasa ule wimbo wa Finland.

Baba alingoja wageni wanywe chai kwanza, kama kawaida yake. Kisha akamgeukia rafiki yangu. Nimemjua Baba maisha yangu yote na sijawahi kumwona akiomba kitu, lakini siku ile uso wake ulikuwa unaomba.

"Kijana," akasema, "wewe ni mtu wa gitaa, utanieleza. Ule wimbo ni wa nani?"

Rafiki yangu akamtazama mwalimu. Akanitazama mimi. Akatazama kikombe.

"Ni wa zamani, mzee," akasema. "Wa bendi moja ya huko nje."

Ndani ya nyumba yetu. Na viazi vyetu mkononi.

Mimi si mtu wa kunyamaza, na sikunyamaza. Nilisema anadanganya, nilisema ni wangu, nilitoa daftari nikalifungua kwenye ukurasa wake nikaweka mbele ya Baba. Mwalimu mkuu akashangaa kwa upole. Akaniuliza, lakini katibu, si wewe uliyeniambia unaujua vizuri, ukaniandikia hadi miaka yenyewe? Nikaanza kueleza habari ya spika na adhabu yake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikifanana na mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi. Baba alikuwa akifunua daftari. Ukurasa wa kabla ya wimbo wake una wimbo wa kopi, kwa mwandiko wangu. Wa baada yake pia. Daftari zima ni nyimbo za watu kwa mwandiko wangu, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kuandika vya watu. Alilifunga vizuri akanirudishia.

"Basi, mama, basi," akasema. "Mtoto akipenda kitu sana hukiita chake. Ulipokuwa mdogo hata treni uliiita yako."

Akamgeukia mwalimu akamsimulia, kweli nilikuwa nikisimama mlangoni na kupiga kelele kwamba treni yangu imefika. Mwalimu akacheka. Rafiki yangu naye akacheka kidogo. Baba alikuwa ananiokoa, ndivyo alivyodhani. Alikuwa ananifunika aibu mbele ya wageni.

Rafiki yangu alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba angefanyaje na mwalimu ameketi pale, na Mombasa wameshaita, na bendi nzima inamtegemea. Akasema nimpe muda. Nilimwambia mimi simjui. Ni neno ambalo sikuwahi kulisema mbele yake, na nilipolisema nilijua sitalirudisha. Walipoondoka mwalimu alipiga honi mpaka kwenye kona.

Mombasa walienda, nasikia walishangiliwa. Kuna mteja aliyekuja saibani kuniuliza kama naweza kumtafutia mtandaoni ule wimbo wa Finland, ametafuta wiki nzima haupati. Nilimwambia huo siujui. Siku hizi nasema hivyo kwa kila wimbo, hata ninaoujua, na kila Jumapili mimi ndiye ninayebeba spika. Wenzangu wanafikiri nimepatwa na jambo.

Yale mabati yamepigiliwa, watoto wamerudi madarasani, na kwa hilo sina kinyongo. Sikutaka paa la mtu liwe deni la wimbo wangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Bura, nikashuka na Baba stesheni. Kwa miezi hii saba sijamsikia akiuvumisha ule wimbo. Anashuka akishika goti kwenye mteremko. Nimejaribu. Nimemweleza tena tukiwa wawili, pole pole, bila hasira, na kila mara ananiambia sawa, mama, nimekusikia. Ananiamini vile mtu anavyomwamini mgonjwa. Tuliketi kwenye benchi, mbuzi wakatupisha. Saa yake ilipofika saa kumi na robo aliitazama, kisha akatazama upande wa Taveta. Nikaimba. Sikuwa na gitaa, niliimba hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kama nilivyouimba jikoni. Baba alisikiliza mpaka mwisho, na akapiga makofi, taratibu, kwa adabu, kama anavyowapigia wanakwaya.

"Unauimba vizuri kuliko wale," akasema. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu. "Lakini nawe, mama, utatunga wako lini? Ningependa nisikie mmoja ulio wako kabla sijaenda."

Nikamwambia nitajaribu.